Shingo Fupi ya Magitaa ya Pembe

Nilikuwa kwenye foleni ya maji wakati jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, aliponiambia kwamba mzee wa magitaa wa Cimpunda amefariki. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida huku akisogeza bidoni yake mbele, maana alidhani nimekwisha kujua. Nilijibu "pole" bila kufikiri, kisha nikabaki nikijiuliza nimempa nani pole ile. Sikuwa ndugu wa marehemu. Sikuwa mwanafunzi wake, na gitaa sijui kulipiga. Nilipofika nyumbani nilijiuliza pia kama mtu wa aina yangu anapaswa kwenda matanga siku ya kwanza au kungoja, na kama akifika akae karibu na familia au nyuma pamoja na wapita njia. Wasomaji wa safu hii wanaijua tabia yangu ya kukawia mlangoni, nikifikiria namna ya kubisha. Safari hii nilikwenda, na niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwa wasiomjua, marehemu alikuwa na karakana juu kidogo ya njia inayoteremka Cimpunda, mahali ambapo nyumba zimebanana kiasi kwamba mlango wa mmoja unafunguka kwenye dirisha la mwingine. Hapo alitengeneza magitaa ya umeme kwa mbao za mti wa libuyu, na nyaya nyembamba za shaba alizozitoa ndani ya redio zilizokufa. Nyaya hizo alizizungusha kwenye gurudumu la cherehani mpaka zikawa kinasa sauti cha kupokea mlio wa nyuzi. Kila gitaa lililotoka mkononi mwake lilichomwa alama ya pembe mbili za ng'ombe nyuma ya kichwa, kwa chuma kilichowekwa motoni, kama wafugaji wa kwao Nyangezi wanavyotia mifugo alama. Watu hawakusema wamenunua gitaa. Walisema wamenunua Pembe. Kwaya nyingi za Kadutu ziliimba juu ya Pembe, na harusi nyingi za wazazi wetu zilichezwa juu ya Pembe. Watu walizichukua hadi Shabunda, huko watu wa dhahabu wanakotaka muziki kila jioni ya malipo.

Nilimfahamu kwa sababu ya umeme. Karakana yake ilikuwa na paneli za jua, nami tangu nimalize chuo nimekuwa mtu wa kungoja majibu ya maombi ya kazi kwenye simu isiyokaa na chaji. Asubuhi nilikuwa napeleka simu pale na kukaa juu ya gogo karibu na mlango, nikitazama watu wakifanya kazi. Yeye aliniita Licencié, yaani mwenye shahada. Hakuniita hivyo kwa heshima sana.

"Licencié, leo bamekujibu?" aliuliza.

"Bado, Papa."

"Basi ikala pa gogo. Chaji simu, na kichwa pia uichaji, naona iko karibu kuzimika."

Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akifanya kazi nzito ya mbao kwa muda mrefu kuliko watu walivyojua, alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye randa. Mimi nilitabasamu, kisha niliporudi nyumbani nilifikiria kama kweli hali ya kichwa changu inaonekana kwa nje.

Magitaa ya Pembe yalikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Alipokuwa kijana, marehemu hakuwahi kufundishwa na mtu kutengeneza gitaa. Aliona moja tu, gitaa la ng'ambo lenye jina kubwa, mali ya mwanamuziki mmoja aliyekuwa akipita mjini. Aliomba aliazime, akalipima kila sehemu kwa uzi na kalamu, akachonga ubao mrefu wa kipimo uliobaki ukining'inia ukutani maisha yake yote. Asichojua ni kwamba gitaa lile lilikuwa limeanguka kutoka kwenye lori huko njiani, kichwa kikavunjika, na fundi wa makabati akakata sehemu iliyoharibika na kuunga upya. Shingo ilikuwa imefupika kidogo pale juu, mahali nyuzi zinapoanzia. Marehemu aliiga kwa uaminifu kila kitu, na ule ufupi akauiga pia.

Matokeo yake ni rahisi kueleza hata kwa sisi tusiopiga. Kwenye Pembe, ukibana nyuzi zote kwa vidole, popote pale, sauti zinapatana vizuri kabisa. Ukiacha uzi mmoja wazi, bila kuubana, katikati ya nyuzi zilizobanwa, unalia kama mtu aliyekosea kwaya. Wapigaji wa mji wetu walijifunza haraka kutoacha uzi wowote wazi. Walipanda juu ya shingo, wakabana kila kitu, wakatafuta njia za vidole ambazo mpigaji wa mahali pengine hana haja nazo. Ukisikia mtu wa Bukavu wa umri fulani akipiga, ule mlio mkavu, mfupi, unaokimbia bila kuacha mwangwi nyuma, huko ndiko ulikotoka. Tulidhani ni roho ya mji, kumbe ulikuwa na lori ndani yake.

Marehemu alikuja kujua ukweli akiwa mtu mzima, pale alipopata gitaa jingine la ng'ambo la kulitengeneza na kuliweka kando ya ubao wake. Alinisimulia mwenyewe akicheka, lakini hakubadilisha kipimo. Nilimuuliza kwa nini. Aliweka chini msasa.

"Batu ya muji muzima banajifunzia vidole hapa kwangu," alisema. "Leo nibaambie nini? Nibaambie nilibadanganya?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua, na sidhani alilisema mara nyingi. Aliogopa kwamba kuirefusha shingo ni kutangaza kuwa maisha ya wale wote, pamoja na yake, yalijengwa juu ya kosa. Kwa hiyo aliendelea kulichonga kosa lile kwa uangalifu mkubwa, na kulichoma alama.

Kisha zikaja simu. Vijana wa leo hawajifunzi gitaa kwa kukaa miguuni mwa mtu. Wanajifunza kwa kutazama video, na katika video hizo somo la kwanza kabisa ni kuacha nyuzi kadhaa wazi. Siku moja nikiwa juu ya gogo langu aliingia msichana wa kwaya ya vijana wa parokia, amebeba Pembe mpya aliyonunuliwa na kundi lake.

"Papa, hii gitare iko na shida. Minapiga sawa vile banapiga mu simu, lakini inalia mubaya."

"Mu simu banapiga gitare ya nani?"

"Ya bo, batu ya ng'ambo."

"Basi ya bo iseme luga ya bo. Yangu inasema ya kwetu. Usiache kamba ya wazi, mama. Bana yote."

"Papa, mi niko na vidole kidogo. Ile ya Chine inanihurumiaka."

Waliokuwepo walicheka, hata mzee. "Inakuhurumia leo," alisema. "Ngoja mvua. Shingo yake itapinda sawa ndizi."

Msichana alicheka pia, akashukuru, akaondoka. Lakini gitaa aliliacha juu ya meza, na hakurudi kulichukua. Kundi lake lilinunua la Kichina. Baada yake wakafuata wengine, na kila mmoja alikuwa na adabu zake, na kila mmoja aliacha. Binti alianza kuweka yale yaliyorudishwa nyuma ya mlango, kisha mlango ukawa haufunguki vizuri. Nilimsikia mara moja akimwambia baba yake wabadilishe kipimo, ni jambo dogo, la kazi ya asubuhi moja. Mzee alimjibu kwamba akitaka kuchonga mbao zake atachonga, hamkatazi, ila chuma cha pembe asikiguse.

Wakati huohuo nilikuwa nasoma kwenye simu, kwa udadisi ule wa mtu asiye na kazi, habari za zile nyumba kongwe za magitaa huko ng'ambo. Nazo zinabadilisha wakubwa. Kila anapoingia mkurugenzi mpya, wapenzi wa magitaa wanagombana kwa maneno makali: je, ataligusa umbo lile ambalo babu zao walilijua, au atalihifadhi kama sanamu? Wengine wanataka gitaa la leo liwe sawasawa na la zamani, mpaka kwenye mikwaruzo, wengine wanasema kampuni inayouza kumbukumbu tu itakufa pamoja na wanaokumbuka. Nilisoma mabishano hayo nikiwa Cimpunda, nikisikia randa ya binti, na niliona ajabu kwamba watu wenye viwanda vikubwa wanaogopa kitu kilekile anachoogopa mzee mwenye ubao ukutani. Na labda sisi wa hapa tuna sababu zaidi ya kuogopa. Katika mji wetu, maneno "uongozi mpya" siku hizi yanafanya watu washushe sauti na kutazama mlangoni. Tumezoea kwamba anayekuja anaanza kwa kuondoa alichokikuta. Basi tunang'ang'ania kila kilichobaki, kizuri na kibovu pamoja, kwa sababu hatujapata nafasi ya kuchagua kwa utulivu.

Mzee alipoanza kuugua, alikaa nje ya mlango kwenye jua la baada ya mvua, amevaa koti zito. Siku moja binti alitoka ndani na gitaa ambalo halijapakwa rangi, mbao tupu, na alikuwa amelitengeneza wazi mbele ya macho ya baba yake, kwa kipimo kilichorekebishwa. Alimwekea magotini.

"Papa, piga."

Mzee aliligeuza, akatazama shingo pale juu, akapitisha kidole gumba mahali nyuzi zinapoanzia. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumuona akilifanya: alizipiga nyuzi zote wazi, bila kubana hata moja. Aliziacha zilie mpaka zikaisha. Akabana mbili, akaacha nyingine wazi, akasikiliza tena. Zilipatana. Hata mimi nilisikia kwamba zilipatana.

"Hii haiko Pembe," alisema.

"Iko nini basi, Papa?"

"Iko gitare muzuri. Peleka, uuzishe. Lakini chuma, hapana."

Alimrudishia kwa mikono miwili, kwa upole, kama mtu anayemrudishia jirani mtoto wake. Binti alilipokea na kuingia ndani, na baada ya muda randa ikaanza tena. Nilitaka kusema neno. Nililifikiria sana neno hilo, nikapanga liweje ili nisimuudhi mzee wala nisimvunje moyo binti, na nilipokuwa karibu kulipata, simu yangu ilikuwa imejaa na mzee amesinzia.

Kwa hiyo alipokufa, swali lililokuwa kwenye midomo ya wote waliofika matanga lilikuwa moja. Karakana itabaki kwa binti, hakuna aliyebisha, maana watoto wengine wa mzee wako mbali na hawajui mbao. Lakini chuma je? Bila chuma angekuwa fundi kama mafundi wengine wa mjini, akishindana na magitaa ya Kichina kwa bei asiyoiweza. Akiwa nacho, angekuwa ndiye Pembe.

Baada ya maziko familia ilikaa chini ya turubai, na sisi wengine tulibaki kwenye mabenchi, vikombe vya chai na vya kasiksi, pombe ya ndizi, vikipita. Nilikuwa nimekaa nyuma, lakini karibu kiasi cha kusikia. Mdogo wa marehemu ndiye aliyeongoza mazungumzo, na chuma alikuwa amekiweka mbele ya miguu yake, kimefungwa kwenye kitambaa. Aliyesimama kwanza hakuwa wa ukoo. Alikuwa rafiki wa marehemu, mpigaji mzee aliyenunua Pembe ya kwanza kabisa, mtu aliyepiga misa na harusi mpaka nywele zikawa nyeupe zote. Alisema chuma kitupwe ziwani.

"Mutoto atengeneze magitare yake na jina yake," alisema. "Simukatazi. Lakini Pembe iko ile shingo. Sisi tulikomalia mu ile shingo. Ukiirefusha, iko gitare ya mutu mwingine, na sitaki kuona alama ya rafiki yangu mu gitare ya mutu mwingine."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Mdogo wa marehemu alimtazama binti, na niliona kwamba yeye anataka amani tu, na amani ilikuwa upande wa ziwa.

Binti aliingia karakanani, akatoka na lile gitaa la mbao tupu na spika ndogo, akaviweka mbele ya yule rafiki wa baba yake, aliyemwita Tonton kama mtu anavyomwita baba mdogo.

"Tonton, tafazali. Umupigie Papa wimbo moja."

"Na hii?"

"Na hii."

"Uko unanitega."

"Sikutege, tonton. Piga vile unapigaka siku zote."

Mtu mmoja karibu nami alinong'ona kwamba msichana amekosa adabu, tena siku ya maziko. Mpigaji mzee alilichukua. Alipiga wimbo wa kuaga wanaoujua watu wote wa parokia yetu, na alipiga kwa namna yake, vidole vikipanda juu ya shingo, vikibana kila kitu, visiache uzi hata mmoja wazi. Nilingoja nisikie tofauti, kila mtu alingoja, na tofauti haikuja. Ulikuwa ule mlio mkavu, mfupi, unaokimbia. Ulikuwa Pembe. Katikati ya wimbo alisimama, akatazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyeokota kitu njiani, akaanza upya tangu mwanzo, taratibu zaidi.

"Iko ileile," alisema.

"Tonton, kumbe shingo ulikuwa nayo mu mukono," mtu mmoja wa nyuma alisema, "na ulikuwa unasema ni ya marehemu." Watu wakacheka kicheko kile cha matanga kinachotoka bila ruhusa. Mzee naye alicheka, halafu akafunika uso, na mabega yake yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kuisha.

Nilielewa polepole, njiani kurudi, jambo ambalo binti alilielewa zamani. Kosa la shingo lilisikika tu pale uzi ulipoachwa wazi. Wapigaji wale walikuwa wamelizunguka kosa kwa maisha yao yote, na njia waliyoipata kulizunguka ndiyo iliyokuwa muziki. Ukiondoa kosa, njia inabaki, kwa kuwa imo vidoleni. Msichana wa kwaya ataacha nyuzi zake wazi na zitamhurumia, na mpigaji mzee atabana zake zote, na gitaa ni moja.

Lakini kilichonikaa moyoni si hicho. Mdogo wa marehemu alimuuliza binti kama alilijua hilo tangu mwanzo.

"Nilijua."

"Juu ya nini haukumuambia papa yako?"

"Nilitaka asikie mwenyewe," binti alisema. "Siku ile alipiga kamba za wazi. Alisikia ile kitu ya mupya tu, akanirudishia. Nilitaka kumuambia, Papa, piga sawa zamani. Lakini alikuwa papa, na alikuwa mugonjwa. Nilisema nitamuambia kesho."

Mdogo wa marehemu aliinama, akaokota chuma pamoja na kitambaa chake, akampa. Yule mpigaji mzee alimwambia binti kwamba Pembe yake ya kwanza asiiguse kamwe, yeye na ile wamezoeana, na binti alimwahidi kwamba kila Pembe ya shingo fupi itakayoletwa kutengenezwa itarudi na ufupi wake.

Nimelifikiria jambo hili, kama kawaida yangu, kupita kiasi. Nafikiri tunakosea namna tunavyouliza kuhusu uongozi mpya, wa karakana, wa nyumba zile kubwa za ng'ambo, hata wa mambo mazito zaidi ambayo safu hii haiyagusi. Tunamuuliza anayeingia kama atabadilisha, naye anaapa kwamba hatabadilisha au anajisifu kwamba atabadilisha vyote. Tungemuuliza kwanza kama anajua kazi ya aliyemtangulia ilikwenda kukaa wapi. Mara nyingi imekwisha kuhama kutoka kwenye chombo, imeingia ndani ya watu, na aliyeifanya ndiye wa mwisho kujua. Marehemu alilinda ubao miaka yote kwa hofu kwamba ukiguswa ataonekana mdanganyifu, na alikufa akiamini kwamba gitaa lililowekwa magotini mwake siku ile ya jua halikuwa lake.

Sisi vijana tunapowapelekea wazee wetu kazi ya mikono yetu, tuna haraka ya kuwaonyesha tulichorekebisha. Wanasikia hicho tu, wanaturudishia, nasi tunaondoka tumeumia. Tuwaonyeshe kwanza mahali ambapo wao bado wamo. Tuwaambie wapige kwa namna yao, palepale, wakiwa bado wamelishika gitaa.